Ni Gesi Tu, Nileteeni Soda

Siku kaka yangu Hassani alipoanza kufa, sisi tulimpigia makofi.

Wadau, msinihukumu kabla sijamaliza.

Ilikuwa Mbekenyera, arobaini ya baba mdogo. Dua imesomwa, pilau limeliwa, ikafika zamu ya mtani wetu, Bi Saada.

Kwa wasiojua mila zetu: ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Ukitokea msiba kwetu, kazi yake ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Kukasirika hakuruhusiwi.

Basi akavaa kofia ya baba mdogo. Akatupa jembe, akashika taya, akajifuta jasho.

"Ni gesi tu," akasema kwa sauti nzito. "Nileteeni soda."

Watu mbavu hawana.

Nikamchokoza. "Bi Saada, umeishiwa! Baba ulimwigiza hivyohivyo, babu naye hivyohivyo. Badilisha mchezo!"

"Nibadilishe mimi?" akang'aka. "Badilisheni nyie namna ya kufa!"

Tukacheka upya.

Sasa Kaka Hassani, aliyekuwa anasogeza masufuria, akasimama. Akashika taya. Jasho linamtiririka.

"Ni gesi tu," akasema. "Nileteeni soda."

Makofi! Vigelegele! Mtu mwembamba kama fito, asiyependa kuonekana mbele za watu, leo kampiku mtani! Mimi ndiye niliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote.

Bi Saada peke yake hakucheka. Alimsogelea, akamgusa paji la uso, kisha akaivua ile kofia.

"Nyamazeni! Huyu haigizi. Leteni pikipiki!"

Wakapanda mshikaki, kaka katikati, Bi Saada nyuma kamshikilia asianguke, hao Ruangwa. Mimi kwa mwili huu nikapewa pikipiki ya peke yangu. Njia nzima nalia, nimeogopa mno.

Hospitali walimpokea haraka. Hali yake ilipotulia, Dokta Justa akatuita pembeni.

"Baba yenu alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Gesi," nikajibu.

"Babu?"

"Gesi."

"Na huyo baba mdogo?"

Nikaona aibu kurudia.

Dokta akaweka kalamu chini. "Gesi gani hiyo inayochagua ukoo?"

Bi Saada hakungoja kuombwa. Akawaigiza wote watatu palepale wodini: taya, jasho, mkono wa kushoto umelegea. Wagonjwa wakacheka. Dokta hakucheka, aliuliza umri wao tu.

Hakuna aliyefika hamsini. Na kaka ana arobaini na nne.

"Huo ni moyo," Dokta akasema. "Kuna watu wanarithi mafuta mengi kwenye damu. Unaweza kuwa mwembamba, unalima kutwa, na mishipa inaziba taratibu. Nataka ndugu wote mpimwe."

Hapo nikakiona kifo changu. Mimi nakaanga maandazi stendi ya Nachingwea, na kila karai linalotoka lazima nionje. Kaka alishanitania miaka nenda rudi: "Raudha mdogo wangu, huo moyo wako unasukuma trekta." Wakati nangoja majibu, kichwani nilishaanza kugawa vitenge vyangu.

Majibu yakaja. Mafuta kwenye damu ya kaka yalikuwa juu, acha kabisa. Yangu mimi, kawaida!

Nikainuka, nikaanza kucheza.

"Kaa kwanza," Dokta akasema. "Sukari yako iko juu. Na presha nayo iko juu."

Bi Saada akapiga kofi ukutani kwa furaha. "Mmoja karithi, mwingine kajipikia!"

Hata kaka alicheka, kitandani pale.

Leo anameza dawa yake kila siku, na msimu huu korosho zake kaokota mwenyewe. Mimi naenda stendi kwa miguu. Maandazi nauza, kuonja anaonja mteja.

Bi Saada kanuna. Anasema tumempunguzia kazi, anadai kuku wa fidia. Lakini kila Ijumaa anapita kwa kaka na kulitikisa kopo la dawa asikie kama zinapungua.

Juzi nikamuuliza ile kofia ya baba mdogo iko wapi.

"Ninayo, nimeifua," akasema. "Nangoja huyu azeeke, aote mvi, atembelee mkongojo, asikie kwa shida. Nimwigize hivyo. Kwenu mchezo wa mzee sijawahi kuucheza."

Machozi yakanitoka.

Wadau, ulizeni watu wenu walikufaje. Mkijibiwa "gesi" mara tatu, msilete soda.

Leteni pikipiki.