Chaki ya Mkaguzi wa Reli

Mkaguzi wa reli wa kituo chetu hugonga chuma kwa nyundo ndogo, kisha huinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Chuma kizima hulia. Chenye ufa hukohoa. Karibu na daraja upo ufa aliouzungushia chaki nyeupe. Mvua huifuta, naye huichora upya, mwezi wa tano sasa. Zamani chaki yake ilitosha kusimamisha treni. Siku hizi wakubwa wa ofisi kuu, wasiowahi kukanyaga kokoto za reli, wameamua kuwa treni itasimama kwa sahihi yao tu, na sahihi haiji ng’o.

“Nimeandika barua saba, ndugu yangu,” aliniambia akijifuta chaki kwenye suruali. “Wananijibu kwamba zimepokelewa.”

Jana asubuhi mkewe alikuja kusafiri, mtoto mgongoni. Nilidhani atamrudisha nyumbani. Akamshika mkono, akampitisha mabehewa yote yaliyojaa watu, akampandisha la mwisho kabisa. “Kaa hapa hapa, mama watoto,” alimnong’oneza. “Usisogee mbele.” Kisha akanitazama, nami, kama kazi yangu inavyotaka, nikapuliza filimbi treni iondoke.