Balbu ya Manjano

Huku kwetu, nje kidogo ya Maua, wake wa ndugu wawili huitana wake wenza, ingawa kila mmoja ana mume wake. Neno hilo nilianza kulichukia siku mke wa shemeji yangu aliponunua balbu isiyokula stima.

Jamani, ile balbu! Nyeupe, kali, inamulika mpaka migomba yangu bila kuombwa. Mume wangu akaanza kupeleka miraa yake kule kila jioni, achague na kufunga pamoja na ndugu yake. Ati balbu yangu ya zamani inamaliza tokeni za stima na haionyeshi kitu. Miraa ni kazi ya wanaume. Sisi wanawake tunaleta chai. Sasa alikuwa akirudi ameshakunywa chai. Chai ya nani? Ya yule mama! Mimi nabaki na birika langu limejaa, na wivu.

Nikaamua kununua yangu. Sikwenda duka alikonunua yeye, asije akasema namuiga. Nilipanda gari mpaka Makutano, Meru mjini. Mwenye duka akawasha mbili nizione.

"Mama, zote zinakula stima kidogo. Nyeupe ni ya kazi. Hii ya manjano ni ya sebule, inapendeza macho."

Nyeupe anayo yule. Nikachukua ya manjano.

Jioni hiyo mume wangu aliingia, akatazama juu, akacheka. "Ah, mama watoto, leo tumekuwa watu wa hoteli!" Akaketi. Akamwaga miraa yake juu ya majani ya migomba papa hapa sebuleni kwangu, nyekundu yenye bei upande huu, ya kijani upande ule, huku akisifu shamba kwa kutoa nyekundu nyingi namna hiyo. Nikammiminia chai. Nilijiona bibi harusi, wallahi nusura niimbe. Pazia nililiacha wazi makusudi, yule mwenzangu aone.

Kesho yake mnunuzi aliyafungua mafungu juani, akayarudisha yote. Miraa ya kijani ilikuwa imefungwa pamoja na nyekundu. Kumbe chini ya ule mwanga wa manjano vijiti vingi vya kijani huonekana vyekundu! Mume wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni alibeba miraa yake katika majani, akavuka ua kwenda kwa ndugu yake.

"Kwani mimi siwezi kununua nyeupe?" nikamwuliza.

"Nunua tu."

Nikarudi Makutano nimefura, nikanunua nyeupe, tena kubwa kuliko ya yule. Niliifunga mwenyewe, nimesimama juu ya kiti. Nyumba ikawa mchana. Mume wangu akaketi, akafungua majani yake, na kabla hajashika hata kijiti kimoja stima ikapotea kijiji kizima.

"Ngoja, itarudi sasa hivi," nikamwambia. "Chai iko tayari."

Nilimsikia akiinuka, akipapasa viatu vyake sakafuni.

"Acha niingojee kule kwa ndugu yangu," akasema.

Nikamfuata hadi mlangoni. Kule nako kulikuwa giza, giza lile lile la kwangu. Kicheko chao nilikisikia vizuri kabisa.