Unene Tulioutolea Shukrani

Kwetu Ngara, mtu akinenepa tunasema ana afya. Neno hilo nusura limwue mdogo wangu.

Alianza kusikia sauti miaka michache baada ya sisi kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Alizungumza na ukuta, akakataa chakula akidai kina maneno ndani yake. Mimi nilikuwa katekista. Nilisali, kisha nikampeleka hospitali Biharamulo, kwa kuwa sikufundishwa popote kwamba Mungu hukasirika mtu akipanda lori.

Huko walimchoma sindano, wakatupa na vidonge vya kuja navyo. Sauti zikapungua, njaa ikaja. Alimaliza ndizi za jioni, akaomba na za kesho. Mama aliona kwamba akitafuna hasemi na ukuta, basi akahakikisha hakosi cha kutafuna. Balozi wa nyumba kumi naye akamwondolea kazi ya shamba la kijiji. "Mgonjwa akae," alisema. Akakaa kweli, karibu mwaka mzima, kwenye kigoda, akinywa maji ya ndizi mbivu, hata shati likakataa vifungo.

"Eh, mama, unamlisha nini huyu? Tuhamie kwako!" wanawake walimtania mama kisimani.

Jumapili moja nilisimama kanisani nikatoa shukrani kwa afya yake. Waumini walipiga vigelegele. Mungu ni mvumilivu. Alinisikiliza hadi mwisho.

Kisha ikaja kiu. Alikunywa mtungi mzima kwa siku, akawa haishi kwenda nyuma ya nyumba.

"Kaka, sisimizi wanakunywa mkojo wangu," aliniambia.

"Wameanza lini?" nilimuuliza, kwa ile sauti laini tunayowatolea watoto na wagonjwa.

"Wiki iliyopita. Njoo uone."

"Nitakuja."

Sikwenda. Mama alishika kichwa. "Tumerudi kule kule. Jana ukuta, leo sisimizi!" Tukamwongezea vidonge vyake, bila kumuuliza mtu. Akasema miguu inamwaka moto. Tukasema ni mawazo. Akasema haoni vizuri; tukamwombea. Kila alichosema juu ya mwili wake tulikihesabu kuwa wazimu, na hali alikuwa akieleza kwa mpangilio kuliko mimi ninavyofundisha katekisimu.

Asubuhi moja alishindwa kuinuka. Nilipita nyuma ya nyumba kwenda kumchotea maji, nikawaona sisimizi, safu nene, wamejipanga vizuri kuliko nyumba za kijiji chetu. Nilisimama pale kwa aibu, chombo mkononi.

Vita vya mpakani vilikuwa vimeanza na magari yamechukuliwa na jeshi. Tulikaa kando ya barabara tangu asubuhi hadi alasiri, yeye amelala kwenye mkeka, mpaka lori la maharage ya wanajeshi likatuonea huruma. Biharamulo, tabibu alichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya bluu. Ukageuka rangi ya matofali.

"Ni sukari," alisema. "Tena nyingi."

Dukani kwetu sukari ilikuwa haijaonekana tangu vita vianze.

"Nani aligundua kwanza?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe, daktari. Alituambia."

"Mkafanyaje?"

"Tulimwongezea vidonge vya kichwa."

Tabibu alivua miwani. "Mwalimu, mtu akiugua kichwa, tumbo na miguu bado ni vyake. Dawa hizi zinanenepesha. Mlipaswa kumleta tumpime, na kumpa jembe, ninyi mkampa kigoda."

Alilazwa wiki tatu, na kwa neema ya Mungu akarudi akiwa hai. Tulimpunguzia ndizi, maji matamu yakakoma, na balozi, baada ya kubishana nami sana, akamruhusu kulima. Alipungua. Majirani wakaja kumpa mama pole.

"Ugonjwa umerudi, mama. Tazama alivyokwisha!"

"Shikamoo, mama," mdogo wangu alimjibu mmoja wao, akifuta jasho. "Nimekwisha kweli. Nimebakiza mistari miwili tu, kisha nakuja kulima kwako."

Sauti hazikumwacha zote. Miaka ile nilijifunza kumuuliza kuhusu jino, kuhusu miguu, kuhusu choo, na kwenda kuangalia kabla ya kutikisa kichwa. Siku moja aliniambia kwamba sauti imemwambia kikohozi changu ni kibaya, nikapimwe.

Nilikwenda.