Siku Konseli Alipoitikia Mwano

Siku ya kwanza kazini nilikuta mzungu amelala barazani, hana viatu, nikadhani ndiye bosi wangu. Nikavua kofia, nikamwamkia. Hakuitika. Mlango wa duka la pampu za maji ukafunguliwa, akatoka mzungu mwingine, mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi, akaniambia kwa Kiswahili cha Mwanza kabisa, "Huyo siyo bosi. Huyo ndiye kazi. Bosi ni mimi."

Ndivyo nilivyoingia ubalozi mdogo. Vijana wa hapa Bariadi huniuliza, mzee wewe uliishia darasa la nne, ubalozini ulifikaje? Nilifika kwa usukani. Nilikuwa naendesha lori la ushirika, nabeba marobota ya pamba. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini na mizani yao, malori yakawa mengi na sisi madereva wa zamani tukawa tunakaa juu ya matairi tukingoja mzigo. Mtu akanielekeza Mwanza, kwa mzungu wa pampu, kwamba anatafuta dereva anayejua Kisukuma na barabara za huku. Nchi yake siitaji. Si kwa ubaya, ila nilisaini karatasi, na mpaka leo sijui karatasi ile ilisema nini.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Balozi anakaa Dar es Salaam, anazungumza na serikali. Konseli anakaa mikoani, anashughulika na watu. Wetu alikuwa konseli wa heshima, maana yake halipwi mshahara. Anauza pampu zake, na nchi yake imempa muhuri, bendera ndogo ya kwenye gari, na ruhusa ya kusumbuliwa saa yoyote. Raia wa nchi yake akipoteza pasipoti, konseli anamwandikia hati ya dharura ya kusafiria, karatasi moja tu ya kumfikisha nyumbani. Akizaa mtoto, konseli anamwandikisha. Akifungwa, konseli anakwenda kumwona. Akifa, konseli anatafuta ndugu zake na kuwaambia, na hiyo ndiyo kazi ambayo Bwana Konseli alikuwa akiifanya amesimama, hakai, hata kama simu inachukua muda mrefu kupatikana. Na mtu wa huku akitaka kwenda kwao, fomu za viza zinapokelewa kwetu, zinapelekwa Dar es Salaam ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri. Aliyekuwa anapiga lakiri ni Katibu Muhtasi, mama mmoja Mhaya mwenye ulimi, aliyewaambia waombaji wote kwamba huko ni baridi na chakula hakina chumvi. Sijui alirudisha wangapi nyumbani kwa maneno hayo peke yake.

Yule wa barazani aliibiwa stendi. Aliandikiwa hati yake. Akaomba na hela ya viatu. Bwana Konseli akamwambia ofisi hainunui viatu, kisha akavua ndala zake mwenyewe akampa. Akanigeukia. "Hatulipi madeni ya mtu, hatumtoi mtu jela, hatuamui kesi. Ukiulizwa, sema hivyo."

Nikamuuliza, sasa tunafanya nini.

"Tunakwenda kumwona. Na wanaomshika watuone."

Nilidhani ananitania, maana mshahara wa kwenda kuonekana niliona ni wa bure.

Sasa niingie kwenye safari ya Kimali, ndiyo niliyokaa chini kuandika. Wakati huo Meatu na Bariadi bado tulikuwa Shinyanga, hii Simiyu haijazaliwa. Upande wa Kimali palikuwa na jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, mashine zinatenganisha nyuzi na mbegu. Mnunuzi binafsi alikuwa ameifufua, na fundi mkuu wake alikuwa raia wetu, tumwite Bwana Pauli. Alikuwa hapo misimu kadhaa. Mtu mrefu, mkimya, anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kama mtu wa Maswa.

Siku moja dereva wa lori akaja dukani Mwanza na ujumbe wa mdomo: Bwana Pauli anasema mje, anakufa.

Bwana Konseli akauliza anaumwa nini.

"Haumwi," dereva akasema. "Hawamsemeshi tu."

Konseli hakuelewa. Mimi nikaelewa palepale, nikakaa juu ya pampu. Nikamweleza. Kwetu ukipigwa mwano, lile yowe la hatari, iwe ng'ombe wameibwa au nyumba inawaka, kila mwanamume anatoka. Hasikilizi kwanza yowe ni la nani. Asiyetoka anaitwa na sungusungu, wale walinzi wa jadi, anahojiwa mbele ya mkutano, anapigwa faini. Kosa likiwa baya, anatengwa. Hasalimiwi, hauziwi maziwa, hachotewi maji, haombi moto kwa jirani. Hagusiki hata kwa fimbo. Nimeona mwanamume mwenye ng'ombe wengi akihama kijiji kwa jambo hilo, analia mchana.

Tukaondoka. Barabara ya Magu wakati ule ilikuwa vumbi tupu, tukapita Kiloleli nikiwa sioni pua ya gari, na bendera tuliifungua tulipokaribia. Watoto walidhani ni harusi. Kijijini kijana mmoja mwenye upinde akatusimamisha, akauliza huyu nani. Nikasema ni balozi mdogo. Akamtazama Konseli, tumbo na tai yake. "Balozi wa nyumba kumi zipi? Mbona ni mkubwa?" Wenzake wakacheka. Konseli naye akacheka, akasema nyumba zake zimetawanyika.

Bwana Pauli tulimkuta jineri, ndevu zimeota, sauti imekauka kwa kutotumika. Akasimulia. Alfajiri moja alisikia mayowe na filimbi na watu wengi wakikimbia. Akadhani ni majambazi wanafuata sefu ya hela za pamba. Akafunga mlango kwa komeo, akazima taa. Kumbe ni wizi wa ng'ombe, na watu wote wa kitongoji walikuwa wanapita mlangoni kwake, na jineri kulikuwa na gari ambalo lingewafukuzia wezi. Mama Shija aliyekuwa akimpikia hakurudi tangu siku ile. Maziwa hayakuja. Wakulima wakaanza kupeleka pamba kwa mnunuzi mwingine, mashine zikasimama. Alikunywa maji ya tangi la moto, yale ya kuzimia kiwanda kikiungua, yana kutu.

Konseli akafungua mkoba. Alikuwa amekwisha kuiandika hati ya dharura, kwa sababu pasipoti ya Pauli ilikuwa ofisini kwa mwajiri wake Dar es Salaam. "Gari liko hapo," akamwambia. "Ukitaka tunaondoka sasa hivi."

Pauli akaitazama ile karatasi, hakuishika. Akasema anataka kubaki. Hata sokoni kwao hajawahi kusalimiwa na watu wengi kama alivyosalimiwa hapa, na sasa akipita wanatazama miti.

"Unataka nifanye nini?"

"Waniseme hata vibaya. Lakini waniseme."

"Ofisi yangu haina huduma hiyo," Konseli akasema. Lakini akafunga mkoba, akaniambia nimpeleke kwa mkubwa wao.

Mkubwa wa sungusungu anaitwa ntemi. Huyu alikuwa mzee mwembamba, amekaa kwenye kigoda anasuka kamba ya ndama. Nikamwamkia, "Mwadila, baba," akaitika, akaniuliza kwetu wapi, nikasema Shishiyu, akauliza ukoo, akauliza mvua, akauliza ng'ombe. Konseli alisubiri. Hilo nilimpendea, wazungu wengi hutazama saa. Kisha nikatafsiri maneno yake: mtu wetu ni mgeni, hajui desturi, tunaomba asamehewe.

Ntemi akaendelea kusuka. "Kama ni mgeni, hatuna neno naye. Mgeni hatengwi, ng'wana wane, mwanangu. Mgeni anapewa maji, anaonyeshwa njia, anakwenda zake. Mchukueni leo. Lakini kama ni mtu wa hapa, basi kosa lake ni la mtu wa hapa. Waliiona taa yake ikizimwa. Angekuwa amelala, tungesema amelala."

Nikatafsiri. Konseli akaniambia niulize, mtu wa hapa akikosa hivyo, anarudije.

"Analipa dume la ng'ombe. Lakini dume halitangulii. Kwanza aitikie mwano, watu wamwone."

"Mwano utapigwa lini?"

Wazee waliokuwa pale wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Ntemi mwenyewe akatabasamu. "Mwambie balozi wako huo hatupangi. Na anayepiga wa uongo, huyo faini yake hata mimi naiogopa."

Hapo ndipo kazi yetu ilipoishia, kwa sheria. Raia ameonwa, yu mzima, ameonyeshwa karatasi akaikataa. Nikawasha gari. Konseli akasema zima. Tukalala jineri, kwenye magunia, na asubuhi hakusema habari ya kuondoka, akawa anazunguka na Pauli wakikagua mashine kama watu wanaotaka kununua.

Mchana jua likiwa kali tulikuwa kivulini mimi na Konseli, tunakula michembe na karanga. Hiyo michembe Mama Shija aliipitisha kwangu kupitia uani, akasema ni ya dereva na mgeni, na akaipima mingi kupita kiasi cha watu wawili. Sikumuuliza. Pauli alikuwa chini ya mashine. Ndipo likasikika, mbali upande wa korongo. Yowe moja, likapokelewa na jingine, na filimbi.

Pauli alitoka chini ya mashine kama alivyo, grisi mpaka kiwiko, spana mkononi, akakimbia. Hakutuaga. Mimi nikasimama, maana kwetu jambo hilo liko damuni. Nikamtazama Konseli, bado ana karanga mkononi.

"Mheshimiwa, inuka."

"Mimi ni konseli. Siingii kwenye mambo yao."

"Hapa wewe ni mwanamume aliyekaa."

Akaziweka karanga chini. Nikauliza kama nichukue gari. Akasema hapana, gari lina bendera, ni la serikali. "Miguu ni yangu," akasema, akainuka, akachukua mwavuli kwa sababu hakuona kitu kingine cha kushika.

Sijawahi kuona mtu mnene akikimbia kwa nia namna ile. Tai ilikuwa begani, miwani mkononi. Wanaume walitupita wakiwa na pinde na marungu. Tulipofika mbugani kumbe jambo lenyewe limekwisha. Mchungaji alisinzia, ng'ombe wakavuka korongo wakaingia shamba la pamba la mtu, mwenye ng'ombe akaona malisho matupu akapiga mwano. Wamekwisha kuonekana, wanatafuna pamba ya watu.

Lakini watu hawakutawanyika. Baada ya mwano wanaume hukaa chini, kila kitongoji mstari wake, na kamanda anapita akiwatazama. Pauli alibaki amesimama peke yake na spana yake, hajui akae wapi. Alianza kuelekea pembeni. Mtu mmoja wa mstari wa jineri, simjui jina, akauinua upinde wake uliokuwa chini karibu naye, akauweka upande wa pili. Pakawa na nafasi. Pauli akakaa.

Ntemi akaja polepole na fimbo yake. Akasimama mbele yake.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, baba."

Halafu akamwona Konseli, amekaa juu ya mwavuli, anahema. "Na huyu?"

"Naye amekuja," nikasema.

"Kitongoji gani?"

Watu wakacheka, na kicheko kikampitia na Pauli, naye akacheka nao, na aliyekuwa jirani yake akamgonga goti akimwuliza ile spana ilikuwa ya kumfungua mwizi au kumkaza. Kwisha.

Dume lililipwa, likaliwa na wote, na Pauli akakatiwa kipande chake. Kesho yake Mama Shija akaingia jikoni, hakusema habari yoyote ya yaliyopita, akauliza nani ameichoma sufuria yake namna hii. Pauli alikaa hapo misimu mingine mingi.

Njiani kurudi Konseli alinisomea taarifa aliyoiandika kwa ubalozi: raia ametembelewa, ana afya, hakuhitaji msaada. Dar es Salaam wakauliza kwa nini tulichelewa. Akajibu barabara ni mbovu, na hilo halikuwa uongo.

Baadaye mzee alirudi kwao, akaja Konseli wa Pili, kijana mwenye kompyuta, mtu mzuri, ila hakupenda vumbi. Mwisho huduma zote zikahamia Dar es Salaam na ofisi ikafungwa. Mimi nilipewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Katibu Muhtasi aliniambia niende nikafuge kuku, nikafuga, wakafa.

Sasa naishi Bariadi, barabara ni lami, vijana wananijia na maswali ya viza nami nawaambia nisichojua. Mwano bado unapigwa, ingawa siku hizi na simu nazo zinalia. Magoti yangu hayaendi tena. Lakini nikiusikia nachukua fimbo, nawasha taa ya nje, nasimama langoni mpaka wapite wote. Juzi kamanda wao, kijana ambaye ningeweza kuwa babu yake, alipita mbio, akainua mkono bila kusimama.

"Mzee, tumekuona."

Basi nikarudi ndani, nikakaa.