Baba mkwe alinipandisha mlima Upare kunionyesha bahari

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo.

Nimesoma nyuzi za watu humu kwa miaka, kuandika ndiyo leo. Haya yamenikuta mwenyewe, na mume wangu yumo humu humu, kwa hiyo nikitia chumvi ataniumbua.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Nimekua nasikia mawimbi tangu tumboni. Nikaolewa na Mpare, tunaishi Same mjini, ana kaduka ka spea za pikipiki. Mwanaume hana shida yoyote, hanywi, hanifokei.

Shida ilikuwa mimi. Mwaka wa tatu wa ndoa nikaanza kutotulia.

Sijui niwaelezeje. Nafua, nusu naacha kwenye beseni natoka nje. Naenda sokoni, nikifika nageuza bila kununua hata nyanya. Upepo wa Same ukivuma nasimama mlangoni kuusikiliza, na najua kabisa ni vumbi tu.

Majirani wakasema nina pepo. Mume wangu akaniuliza, kwa upole, kama nina mtu. Nililia siku ile jamani! Nikamwambia nataka kwetu, basi. Na kila nikitaja kwetu jibu lilikuwa "mwezi ujao".

Nikafunga begi. Nikamwambia Jumatatu naondoka, na kurudi sijui. Sikuwa natania.

Akampigia baba yake. Baba mkwe anaishi juu kabisa milimani, juu ya Ndungu, analima tangawizi, ni mzee wa kanisa anayeheshimika. Akasema, "Mlete huku kwanza. Kama analilia bahari, mbona hata huku ipo."

Nilicheka kwa hasira. Bahari Upare!

Lakini mkwe akiita unaenda. Ijumaa tukapanda basi mpaka Ndungu, begi langu nikaja nalo, maana kutokea hapo unaweza kushika njia ya Tanga moja kwa moja. Kisha bodaboda ikatupandisha, kona juu ya kona, nimefumba macho nimemng'ang'ania dereva mpaka akasema, "Mama, niache nipumue."

Jumamosi asubuhi baba mkwe alishavaa buti, fimbo mkononi, chupa ya chai begani. Twende.

Wakuu, mnaopenda hiking, mnalipia nini kwingine? Unapita migomba, unapita mashamba ya tangawizi, unaingia msitu wa baridi, unatokea kwenye mwamba ambao dunia yote iko chini yako. Tatizo ni kufika. Mzee ana miaka sabini na kitu na anapanda anapiga stori. Mimi nahema, natamani kutapika, na kwa adabu ya ukweni siwezi hata kusema tupumzike.

Tulipofika juu akavua kofia.

"Haya mama, kwenu pale."

Upande linakochomoza jua, mbali sana, mbele ya tambarare, kulikuwa na mstari wa bluu. Mpana, umenyooka, hauna mwisho. Moyo ulinilipuka. Nilikimbia mpaka ukingoni, mume wangu akanidaka kwa kitenge.

Halafu katikati ya ile bluu nikaona vumbi linanyanyuka. Jembamba, linatembea, kama mtu anaswaga ng'ombe.

Bahari gani inatimua vumbi?

Ilikuwa nyika, wakuu. Nyika ya Mkomazi. Umbali tu ndio umeipaka bluu.

Mzee yuko pembeni yangu anaeleza. Baba yake aliwahi kukata mkonge Tanga, aliporudi akamwonyesha pale. Yeye naye akawaonyesha watoto wake wote, na kila mgeni wa usharika anamleta hapo. "Mimi mwenyewe sijawahi kufika," akasema, "lakini wewe ndiye mwenyeji. Sema mama, siyo yenyewe?"

Mume wangu ananikodolea macho ya kuniomba. Hebu niambieni, mngejibu nini? Baba wa watu kaacha shamba, kakupandisha mlima kwa ajili yako.

Nikasema, "Ndiyo baba, ndiyo yenyewe."

Alifurahi! Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Basi begi lifunguliwe. Akiikumbuka anakuja, tunapanda."

Hapo nikaona nimejimaliza. Uongo wangu mwenyewe umenikatia njia ya kwetu. Nikajiona nina miaka sitini, nakwea ule mwamba kuja kuangalia vumbi na kusema asante baba. Uzalendo ukanishinda.

"Baba, nisamehe. Nimekudanganya. Ile siyo bahari, ni nyika. Ona, linatimka vumbi."

Mume wangu akasema, "Wee!"

Mzee akaweka kiganja juu ya macho. Akaangalia, akaangalia. Kisha akakaa kwenye jiwe, akamimina chai, hakuinywa.

"Na watu wote wale niliowaleta hapa," akasema.

Kushuka alitangulia mbele peke yake, fimbo kwapani. Mimi nyuma nalia kimya kimya. Nilijiona mbaya, nimemvunja mzee wa watu kwa sababu ya kiherehere changu cha Pangani. Jumapili akaenda ibadani, akarudi, akala makande yake, akaingia kulala. Mume wangu akarudi Same kufungua duka.

Jumatatu natoka na begi langu, namkuta mlangoni. Koti la kanisani, viatu vimepigwa rangi, kikapu cha tangawizi.

"Tunakwenda wote. Nataka kuiona yenyewe. Na ukweni siendi mikono mitupu."

Kesho yake Pangani nikampitisha njia ya juu ya miamba ya pwani, maji yanapiga chini yetu. Mtu wa milimani yule, safari hii ndiye aliyekuwa anasimama kila hatua. Akateremka, akachovya kidole, akaonja, akatema. Halafu akapiga kelele kama mtoto, "Haitulii! Mama, hii haitulii kabisa!"

Jioni, mbele ya wazazi wangu, akampigia mwanawe kwa sauti ya juu tukisikia wote. "Mkeo hana pepo, wala hana mtu. Mimi nimeiona siku moja tu na kuondoka sitaki. Yeye umemkalisha miaka mitatu. Usimwite. Funga duka, uje umwombe."

Akaja. Alikaa mkekani kwetu, kichwa chini, akaomba. Nikamwambia nitarudi nikitosheka, akakubali. Nilitosheka baada ya wiki tatu, nikapanda basi la Same mwenyewe, hakuna aliyenivuta mkono. Sasa tumekubaliana, kila mwaka mwezi mmoja ni wa kwetu.

Nilichojifunza ni hiki. Pale mwambani niliposema "ndiyo baba", nilidhani ndiyo heshima. Kumbe yule mzee nilimheshimu nilipomwambia ukweli, na yeye akaniheshimu kwa kuvaa koti na kunifuata.

Wa pwani mlioolewa bara, na wa bara mlioolewa pwani, ninyi mlimeza ukweli kwa muda gani kabla ya kusema? Semeni hapa chini, nasoma zote.