Pumzi Kati ya Tabia na Nchi

Mtaani kwetu tangazo halikuwa tangazo mpaka Spika alipopita nalo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho; hata mke wa kaka yake alimwita shemeji Spika. Alikuwa na baiskeli nyeusi. Mbele alikuwa amefunga kipaza sauti chenye mdomo mpana kama ua la boga, na nyuma, kwenye kikapu cha waya, alikuwa ameweka betri iliyofunikwa kwa kipande cha mpira ili isilowe. Alitangaza chanjo, kukatika kwa maji, misiba, watoto waliopotea. Hakuwahi kuongeza neno lake wala kupunguza la mtu. Watu walipochoka kubishana waliulizana, "Spika amepita nalo?" Kama alikuwa amepita nalo, ubishi uliishia hapo.

Alikuwa na namna yake ya kusoma. Kila mwisho wa mstari alivuta pumzi. Alisema sauti ya kipaza inagonga kuta na kurudi, na msomaji akiunganisha tu, maneno yanapandana na watu wanasikia ngurumo. Kwa hiyo alivuta pumzi, akaiacha sauti ifike inakokwenda, ndipo akashuka mstari wa pili. Karani wa zamani wa ofisi ya mtaa alilijua hilo na alimwandikia mistari mifupi, kila mmoja ukiwa umetimia. Karani huyo alistaafu. Aliyemfuata alipiga chapa kwenye kompyuta, na ile kompyuta ilipofika pembeni mwa karatasi ilikata neno popote lilipofikia.

Ndiyo sababu ya yote yaliyofuata. Karatasi ya mkutano wa mto iliwaita wananchi watoe maoni kuhusu mabadiliko ya tabia, kisha kistari kidogo, na mstari ukaisha. Nchi ilishuka chini, ikakaa pamoja na matumizi ya kingo za mto.

Spika alisoma kama alivyosoma miaka yote. "Wananchi mnaitwa kutoa maoni kuhusu mabadiliko ya tabia." Akavuta pumzi, akakanyaga pedali, akapita duka la vipuri. "Nchi na matumizi ya kingo za mto."

La kwanza watu walilisikia. La pili lilikwenda na vumbi.

"Tabia ya nani?" mshona viatu alimuuliza jirani yake, sindano ikiwa bado mdomoni.

"Yako. Nani mwingine?"

"Basi na wewe uje, tukabadilishwe pamoja."

Kaka yake Spika alikuwa mchoma matofali, na kazi hiyo aliipokea kwa baba yao. Tanuri lake lilikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, ukingoni kabisa mwa mto, mahali ambapo udongo ni mzuri na maji hayako mbali. Matofali mabichi yalipangwa juu kwa juu mpaka yakawa kama chumba kisicho na mlango, nje yakakandikwa udongo, na chini yakaachiwa mashimo waliyoyaita midomo, ambamo magogo huingizwa. Tanuri likishawashwa halizimwi. Likipoa katikati, ndani hutoka kitu ambacho si udongo wala si tofali, na mvua ya kwanza inakimaliza.

Magogo yalitoka kwenye miti ya ukingoni. Zamani miti ilikuwa mingi hata mto hauonekani. Sasa ilibaki safu moja, nayo mizizi yake ilikuwa wazi upande wa maji, kwa sababu mvua za mwaka uliotangulia zilimega ukingo na kuondoka na jiko zima la jirani, mafiga, sufuria na paa. Mwenye jiko alikuwa ametoka kidogo kuazima chumvi. Tangu hapo alikuwa akiitazama ile chumvi, nadhani, kwa jicho tofauti na sisi.

Siku ya mkutano tanuri lilikuwa limepangwa tayari na mawingu yameanza kukusanyika upande wa milimani. Mchoma matofali alijua kanuni mpya ya kukataza matanuri ukingoni inakuja na hakuwa na nia ya kuizuia. Alikwenda na ombi moja: aruhusiwe kuchoma hilo lililokwisha kupangwa, kisha ahame. Alilirudiarudia njiani ili alitoe bila kigugumizi. Mkewe alitembea nyuma yake akilisikiliza.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki havikutosha, feni ilizunguka ikilia kama inayoumwa jino. Mtendaji wa mtaa alifungua kwa kueleza utaratibu: kila mtu azungumze mara moja tu, maana ukumbi una kazi nyingine mchana. Kisha akamkaribisha mtaalamu, mama mmoja wa makamo aliyekuja na ramani ya mto. Kabla hajaikunjua, mwanamke mmoja alisimama nyuma.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya tabia. Mume wangu huyu hapa. Mshahara ukitoka, harudi nyumbani mpaka uishe. Naomba aanze yeye kubadilishwa."

Kicheko kilipasuka. Mume naye akasimama. "Na yeye aeleze tabia ya kupekua mifuko!"

Baada ya hao walifuata wengine. Kuna aliyelalamikia muziki wa baa, kuna aliyelalamikia vijana na simu. Mtaalamu alikaa na ramani yake magotini akimwangalia mtendaji, mtendaji akiangalia saa. Halafu mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba wenye tabia mbaya wanajulikana, ni wale wa mtoni wanaotuvutisha moshi.

Mchoma matofali aliinuka kabla mkewe hajamshika shati.

"Mimi tabia yangu ina nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Nimemuibia nani? Nimemtukana nani? Hizi kuta mlizoegemea ni matofali ya baba yangu. Nyumba mlizotoka asubuhi, nusu nimechoma mimi. Moshi wangu mlikuwa hamuuoni mlipokuwa mnajenga? Leo mimi ndiye wa kubadilishwa tabia!"

Wenzake wa mtoni walipiga makofi. Akakaa. Mkewe akamwinamia sikioni. "Na ombi?"

Akataka kusimama tena. Mtendaji akainua kiganja. "Umeshazungumza, bwana. Mara moja tu."

Ndipo mtaalamu akapata nafasi. Alianza na neno lenyewe. Alisema hakuna aliyekuja kusema tabia ya mtu. "Mtu akikasirika leo, mnasema hali yake leo si nzuri. Akiwa na hasira miaka nenda rudi, mnasema hiyo ndiyo tabia yake. Mvua ya leo ni hali ya hewa. Mwenendo wa mvua na joto kwa miaka mingi ndiyo tabianchi. Neno moja."

"Kwa hiyo nchi ndiyo yenye tabia mbaya?" mshona viatu aliuliza, na hata mtaalamu akacheka.

"Tumeichokoza," alisema.

Dereva mmoja mstaafu hakucheka. Alisema mafuriko aliyaona tangu hajaota meno ya pili, na hao wataalamu walikuwa hawajazaliwa. Mtaalamu akakubali kwamba mafuriko yalikuwepo. Akaeleza kuwa kinachobadilika ni ukubwa wake na jinsi yanavyofuatana. Kisha fundi mmoja wa mtoni akauliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo. "Viwanda vya wakubwa vinatoa moshi usiku na mchana. Magari yao, ndege zao. Tanuri langu moja ndilo limeharibu mbingu?"

"Hapana," alisema mtaalamu. "Hilo siwezi kukudanganya. Waliochafua zaidi si ninyi, na wengi wao hawataitwa kwenye ukumbi kama huu. Lakini mvua zikija, hazitawauliza wao kwanza. Zitapita hapa. Sijui ijayo itakuwa kubwa kiasi gani, hakuna anayejua. Najua ukingo usio na mizizi hauzisubiri."

Muda ukawa umekwisha. Ombi la mchoma matofali halikuandikwa popote, kwa kuwa halikusemwa.

Spika alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo na baiskeli yake. Aliitoa ile karatasi mfukoni, akakitazama kile kistari, akaikunja. Jioni hiyo hakutangaza chochote.

Amri ilitoka upesi kuliko tulivyozoea. Kukata miti na kuwasha tanuri ukingoni mwa mto ni marufuku. Tanuri litakalokutwa tayari linawaka liachwe limalize. Amri inaanza kutumika katika kila mtaa pale itakapotangazwa.

Spika aliipokea, akaisoma pale pale kwenye dirisha la ofisi ya mtaa, akaomba kumwona mtendaji.

"Kaka yangu alikuwa na ombi, mheshimiwa."

"Kaka yako alipewa nafasi."

"Aliitumia kujibu kosa langu. Nilivuta pumzi pasipo pake."

Mtendaji aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. "Naelewa," alisema. "Lakini hilo sina pa kuliandika."

Kutoka hapo alikwenda kwa kaka yake. Walikuwa wamekaa uani, shemeji akichambua mboga, kaka akinoa shoka. Spika alisoma amri kwa sauti ya kawaida, bila kipaza. Shemeji aliacha mboga.

"Kesho unaanzia wapi?" kaka aliuliza.

"Mtoni, kaka. Siku zote naanzia mtoni, betri ikiwa bado na nguvu."

"Kesho anzia sokoni."

Spika aliikunja ile amri.

"Udongo wa nje haujakauka," kaka aliendelea. "Nikiwasha leo utapasuka. Kesho jua likipiga mpaka alasiri, nitakuwa nimeshakata miti, nawasha. Wewe ukifika kwangu mwisho unalikuta linawaka. Hujasema uongo, hujaficha kitu. Umezunguka tu."

"Utakata ipi?"

"Unaijua. Iko mingapi?"

"Ile ndiyo inayoshika ukingo."

"Na lile tanuri ndilo linaloshika nyumba hii!" Shoka liligonga jiwe. "Mdogo wangu, nilikuwa na neno moja la kusema pale ukumbini. Moja! Wewe ndiye uliyelichukua kwa mdomo wako. Sikudai kitu kingine. Nirudishie siku moja."

Shemeji alisema polepole, "Shemeji, mvua ikiyakuta yale matofali mabichi, tunarudi kwenye tope."

"Najua, shemeji."

"Basi useme kitu."

Spika aliaga na kusukuma baiskeli yake mpaka barabarani bila kuipanda. Alipita karibu na lile jiko lililoondoka na maji; mwenyewe alikuwa amejenga jingine hatua chache nyuma, akaliwekea mlango unaotazama mto. Alimwamkia Spika na kumuuliza, "Kuna nini kipya?" Akajibu, "Mtasikia kesho."

Baadaye, alipoulizwa kwa nini, alisema hakuwa na sababu ya kutosha kuelezea. Alisema tu kwamba alijaribu kujiona akipita kwa yule mama mwenye jiko jioni, baada ya kuzunguka kote, na akashindwa kujua angemtazama vipi.

Asubuhi jua lilitoka vizuri. Mchoma matofali alikuwa kwenye mti wa kwanza, ameshaufunga kamba, amesimama na shoka akitega sikio upande wa sokoni. Kipaza kilisikika mgongoni kwake, karibu sana.

"Wananchi mnatangaziwa amri ya kulinda kingo za mto dhidi ya athari za mabadiliko ya tabianchi." Neno lilitoka zima, katika pumzi moja. Karatasi ilikuwa imelikata tena. Safari hii yeye hakukata. Alisoma hadi mwisho, na marufuku, na kuanza kutumika, akiwa amesimama mbele ya kaka yake kama anayesoma msiba.

Shoka lilibaki hewani, kisha likashuka polepole mpaka chini.

"Ondoka," kaka alisema.

Spika alizima kipaza. Aliegemeza baiskeli kwenye mti uliofungwa kamba, akavua koti, akalikunja juu ya betri. Alikwenda kwenye tanuri, akabandua udongo wa pembeni kwa mikono, akaanza kushusha tofali la juu, na jingine, akiyabeba kifuani hadi kwenye mwinuko wa nyuma ya nyumba, ambako maji hayajawahi kufika.

"Nimesema ondoka."

"Nimesikia, kaka."

"Mitaa mingine inakusubiri."

"Itasubiri."

Shemeji alitoka na turubai la zamani na kulitandaza juu ya yaliyohamishwa bila kuuliza. Mchoma matofali alikaa juu ya kisiki, akawapa mgongo. Mpango wa tanuri ulikuwa wake, kila tofali aliliweka mwenyewe, na sauti ya kubomolewa kwake aliisikia moja moja. Ofisini simu zilianza kupigwa, kwamba Spika hajaonekana sokoni wala stendi. Mawingu yalishuka kidogo. Spika aliporudi kwa mzigo mwingine alijikwaa na tofali likamponyoka, likavunjika.

"Hayabebwi hivyo!" kaka alifoka, akainuka. "Yanabebwa kwa ubavu, si kwa bapa. Baba alikufundisha nini wewe?"

"Alinifundisha kusoma."

"Ndiyo maana." Alichukua mzigo mikononi mwa mdogo wake, akaupanga upya, akamrudishia. Kisha akajibebea wake. Walikwenda na kurudi hivyo, yeye mbele, Spika nyuma, hadi matone ya kwanza yalipoanza kugonga turubai. Sehemu kubwa ilikuwa bado haijahama. Walisimama chini ya upenu wakiyatazama yaliyobaki yakianza kulegea pembe, yakipoteza umbo taratibu.

Shemeji alilia kimya kimya. Mumewe hakulia. Alitazama mto, akatazama ile safu ya miti na kamba yake, akamtazama mdogo wake aliyelowa udongo mpaka kwenye nyusi.

"Nchi yote itabadilika tabia," alisema. "Wewe hutabadilika."

Akaenda mvuani kufungua kamba kwenye mti, na kuisukuma baiskeli ya Spika ndani, betri isilowe.