Sauti ya Saeed Kutoka London

Saeed bin Zahor hakuwa mtu wa kujisifu, lakini siku ile moja ya London alikuwa akiisimulia kila alipoombwa. Ijumaa moja mwaka huu aliombwa tena, nyumbani kwa dada yake Nadra huko Al Hail, mbali na Unguja walikokulia, baada ya chakula, watu wamekaa na kahawa na halwa yao. Mjukuu wake Bashayer, aliyemleta kwa gari kutoka Ansab, aliweka simu mbele yake ili amrekodi.

"Sema polepole, Babu."

"Kusema polepole ndiyo iliyokuwa kazi yangu," alijibu, watu wakacheka.

Wakati huo alikuwa mwanafunzi, kijana wa miaka ishirini, na idhaa ya Kiswahili ya London ndiyo kwanza imeanza. Akitoka darasani alikwenda kwenye jengo la redio, akapewa habari za Kiingereza, akazitia Kiswahili kwa taipureta, kisha akaingia studio kuzisoma. Habari hazikurekodiwa kwanza. Taa nyekundu ikiwaka, unachokisema London kinasikika Unguja papo hapo, kikohozi na vyote.

Asubuhi ya siku hiyo, katikati ya baridi, alipata telegramu ya baba yake kutoka Unguja: mama amefariki jana, ameshazikwa. Hakuwa hata na habari kwamba anaumwa. Alikwenda posta akajibu kuwa habari imemfika, akawaombea subira, kisha akaenda redioni kuomba ruhusa. Mkuu wao, Mzungu mmoja mpole, alimwambia arudi akapumzike, mwenzake Yazid atasoma. Lakini ukungu ulikuwa umeshuka London hata mtu haoni viatu vyake. Mabasi yalisimama, na Yazid akapiga simu kusema hawezi kufika.

"Nkasema ntasoma mimi," Saeed alisimulia. "Wala si kwa ajili ya kazi. Nlijua nyumbani watu wamejaa, wanawake ndani, wanaume nje, msiba ni wetu na mimi ndiye nisiyekuwepo. Nkasema, kiwiliwili hakifiki, bass, sauti itafika. Baba atanisikia, ajue niko naye."

Hakuruhusiwa kuongeza hata neno moja. Alisoma mkutano wa mawaziri, akasoma bei ya karafuu, kwa sauti iliyonyooka, maana aliona kulia mbele ya maikrofoni ni kumvunjia mama yake heshima. Taa ilipozimwa ndipo alipoangukia meza.

"Hivyo ndivyo nilivyohudhuria msiba wa mama yangu," alisema.

Bashayer alikuwa akifuta machozi. Bi Nadra aliinuka, akajishika ukutani, akaenda jikoni. Saeed akamfuata na mkongojo wake.

"Nadra, nimekuudhi?"

"Kaka, usiisimulie tena hadithi hii."

"Kwa nini?"

Alifungua bomba, akalifunga. Hakugeuka.

"Nlikuwa na miaka kumi na tatu. Nimekaa dirishani, khitma ndiyo imemalizika. Mkahawa wa mkabala wakafungua redio kwa habari, kama kila siku, mara ikatoka sauti yako. Mwenye mkahawa alitaka kuizima, baba akamwambia aiache. Akakusikiliza mpaka mwisho, mbele ya watu wote. Jawabu yako ya telegramu alikuwa nayo mfukoni, kwa hiyo alijua kwamba unajua."

"Akasema nini?"

"Akasema, huyu anasoma bei ya karafuu na mama yake hata udongo haujakauka. Akasema, mimi sina mtoto London."

Saeed alikaa kwenye kiti cha jikoni. Baada ya siku ile alimwandikia baba yake kwa miaka mingi na hakujibiwa hata mara moja. Kwanza aliilaumu posta, kisha akayalaumu mapinduzi na jinsi watu walivyotawanyika. Mzee Zahor alifariki kabla hawajaonana.

"Na wewe ulinisikiaje?"

"Mimi nlikusikia ukimeza mate, kila habari moja ikisha. Nkamwambia baba, kaka analia. Akanifukuza dirishani."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekwambia ili iweje? Kwanza nlikuwa mtoto. Halafu baba akafa. Halafu nkakuona ile siku ndiyo umeishika, huna nyengine."

Saeed akauliza alilokuwa akiliogopa.

"Alipokuwa akifa, alinitaja?"

Nadra aligeuka sasa, akamtazama kaka yake, mtu wa miaka karibu tisini, na neno la uongo lilimjia mdomoni. Hakuweza kulitoa.

"Hakukutaja, kaka."

Njia nzima kurudi Ansab mzee aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, machozi yakimtiririka ndevuni bila kuyapangusa. Bashayer, ambaye hakuwahi kumwona akilia, alimwuliza kama aifute ile rekodi. Alisema afanye atakavyo.

Tangu siku hiyo, baada ya sala ya alfajiri, hakawii kurudi chumbani na kufunga mlango. Bashayer humsikia akizungumza kwa sauti ya chini, si dua, ni maneno ya kawaida tu, akimwita baba yake, akimweleza, akinyamaza kama anayengoja, kisha akaanza upya. Nadra alipoambiwa, alisema mwacheni.